Choo cha Mzee Ndelilio

Mwaka ule wa kampeni ya vyoo kijiji chetu kilipitisha sheria: kaya isiyo na choo haipati dawa zahanati. Dawa ilikuwa ya serikali, ya bure, lakini kamati ikasema haiwezekani mtu ajiletee maradhi kwa uzembe halafu taifa limtibu. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, mpumbavu mkubwa.

Maana kwetu choo hakikuwepo. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa kule chini, anapanda mlimani mara moja kwa mwezi, na kihamba, lile shamba la migomba tulilojengea, kilikuwa cha baba yake, Mzee Ndelilio. Mzee alitahiriwa enzi za Mjerumani, na wanaume wa rika lake walikula kiapo kwamba mwanamume aliyekomaa haendi haja kubwa kabisa, ameshazibwa. Wanawake tulijua tangu enzi za bibi zetu kuwa ni uongo, tukanyamaza kwa heshima. Sasa kamati ilitaka kila mlango wa choo uandikwe kwa chokaa jina la mwenye kaya. Mzee akaapa kuwa jina lake halitaandikwa mahali kama pale. Nilichimba shimo nyuma ya migomba mara mbili. Mara mbili alilifukia.

Halafu Magdalena, binti yangu wa miaka miwili, akaanza kuhara damu. Siku ya tatu alikuwa analia bila machozi. Nikambeba hadi zahanati. Mganga wetu Eliufoo, kijana wa kola iliyopigwa pasi, hakumgusa hata paji la uso. Alifungua daftari la kamati.

"Mama Magdalena, kaya yenu haina choo."

"Mtoto anakufa, Mganga."

"Dawa ipo. Lakini sheria mliipitisha wenyewe. Kila mtu awajibike kwanza nyumbani kwake."

"Awajibike nani? Huyu? Ashike jembe?"

"Nendeni mkachimbe. Balozi wa nyumba kumi akishakagua, njoo."

Sikumbuki nilivyopanda kilima cha kurudi nyumbani. Nilikuwa nimekwenda kutafuta jembe, nichimbe na mtoto mgongoni. Nikamkuta Mzee kwenye kigoda chake, anameza vidonge vya mwisho kwa uji. Tangu juzi alikuwa anapotelea migombani kila saa, nami nikajifanya sioni.

"Baba, dawa hiyo umeipata wapi?"

"Ya homa hii. Eliufoo aliniletea jana."

Nikaichukua karatasi tupu ya vidonge pale chini ya kigoda. Mwandiko ulikuwa wa Eliufoo: Kuhara damu, viwili mara nne. Mzee alikuwa amemwona mjukuu wake akihara tangu juzi, na vidonge akavificha. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliondoka mbele yake bila kuaga.

Zahanati benchi lilikuwa limejaa akina mama. Nikamnyooshea Eliufoo ile karatasi.

"Soma."

"Mama, hayo tukaongee ndani."

"Soma hapa hapa!"

Akanyoosha mkono kuichukua. Nikasoma mimi, kwa sauti ya kanisani, kisha nikaongeza: "Hii ni dawa ya baba mkwe wangu, ambaye hana choo kwa sababu haendi choo."

Benchi zima likaangua kicheko. Kisha wakamwangalia Magdalena, shingo imelegea mgongoni mwangu. Eliufoo akafungua kabati. Alisaga kidonge, akakikoroga kwa maji ya sukari na chumvi, akamnywesha mwenyewe kwa kijiko. Magdalena akameza. Tukasubiri, hakutapika. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Eliufoo akaniinamia, akanong'ona, "Ungeniomba taratibu, pembeni, ningekupa tangu asubuhi."

Taratibu! Nilitamani kumzaba kofi. Asubuhi nzima mwanangu alikuwa anakauka, kumbe sheria ilikuwa na mlango wa nyuma, na waliojua pa kubisha walikuwa wanaletewa dawa hadi nyumbani.

Nikageukia benchi. "Jamani, mmesikia? Anasema mngemwomba pembeni."

Jirani yangu Leonia alikuwa amerudishwa mara mbili na mwanawe mwenye kichomi, kwa sababu choo chao hakikuwa na paa. Alisimama, akamweka mtoto vizuri begani, akaingia ndani bila kuitwa. Na wenzake wote wakamfuata.