Hodi ya Tatu

Asubuhi hiyo, kwenye maabara moja ya Ilemela, Adventina aliweka mayai ya nzi chini ya hadubini huku mwenzake Bilali akiponda ndizi za kulishia nzi wakubwa. Ni wale nzi wadogo wanaojaa kwenye matunda yaliyoiva sana. Ndani ya yai, seli za misuli hutakiwa kuungana ziwe uzi mmoja. Hizi hazikuungana, maana jeni moja ilikuwa imeharibika. Bosi wao, Dokta Yeremia, alikuwa ameahidi: ukijua kazi ya hiyo jeni, makala itatoka kwa jina lako.

Adventina aliijua kazi hiyo pale alipoacha kuangalia akaanza kusikiliza. Seli moja ilinyoosha kidole, ikagonga kwa jirani.

"Hodi," ikasema.

Kimya. Ikapiga ya pili. Ikapiga ya tatu, halafu ikarudi zake kwa adabu, ikakaa peke yake mpaka ikafa.

"Kumbe iliyoharibika ni jeni ya kuitikia," alisema Adventina. Akaipa jina: Karibu.

"Sasa wageni wote hao tutawakalisha wapi," alisema Bilali, akaendelea kuponda.

Mchana mama yake Adventina, Modesta, aliingia na mkungu wa ndizi kutoka Bukoba. Bilali akamwamkia, akamvutia kiti. Kabla hajakaa, mama akasikia hodi kwenye hadubini.

"Karibuni, piteni ndani," aliitikia. "Tina, watu wanabisha hodi na wewe umetulia tu? Ndivyo nilivyokulea?"

Chini ya lenzi seli zikapita, zikaungana, zikawa nyuzi. Kesho yake mayai yakatoa funza, na funza wakatambaa vizuri tu. Mama aliwachungulia kwa jicho moja, muda mrefu, kisha akampigia simu dada yake.

"Tina kagundua kwa nini nzi anashindwa kutembea. Ndiyo, huyu huyu wangu. Mwambie na mumeo, aliyesema aolewe kwanza."

Makala ilitoka na jina la Dokta Yeremia peke yake.

Adventina akachukua chupa ya funza, akaenda kwenye mlango wa ofisi ya Dokta. Ndani feni ilikuwa inazunguka na mtu anakohoa. Alipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuondoka. Alisimama palepale, kichwa juu, na kwenye chupa funza wote wakaitikia "karibu" kwa pamoja, kwa lafudhi safi ya Bukoba.

Mlango ulibaki umefungwa.