Ukurasa Mmoja kwa Mkono Wako

Mbeyu alikuwa ameishika fomu juu chini. Mama yake, Bi Twaiba, akaigeuza kimyakimya, kisha akatupa jicho kwenye foleni kuona kama kuna aliyeona. Walikuwapo.

Walitoka kwao Kikoneni alfajiri. Maombi ya vyuo vikuu yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni, na anayetaka kusomewa mitihani na kuongezewa muda lazima aambatanishe fomu yenye muhuri wa ofisi hii ya watu wenye ulemavu. Mbeyu alitaka kusomea kilimo. Kwa miaka minne ya sekondari rafiki yake Warda alimsomea vitabu kwa sauti, naye akavihifadhi kama alivyohifadhi juzuu madrasa. Kwenye mtihani wa mwisho hapakuwa na Warda. Herufi zilimchezea, muda ukamwishia kila karatasi, na bado akapata C+. Bila ya muhuri, chuo kingekuwa ni mtihani ule ule kwa miaka minne mingine.

"Shikamoo," alimwamkia karani dirishani.

"Poa. Shida yako ni gani? Macho? Masikio?" Karani aliitwa Judy, jina lilikuwa kifuani.

"Ni kusoma. Herufi haziketi."

"Hiyo nayo ni disability? Umetibiwa wapi?"

Bi Twaiba akajibu upesi, kwa heshima zote. "Amekunywa kombe, mwanangu. Miaka mitatu. Maalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tukaziosha kwa maji ya waridi, akanywa."

Mtu akacheka nyuma. Mbeyu akatamani saruji ipasuke immeze. Hakumwonea haya mama yake. Alijionea haya mwenyewe, kwa kumfanya mtu mzima aanike mambo ya nyumbani mbele ya watu.

Judy akagonga fomu kwa kalamu. "Jaza hapa. Ukurasa mmoja, ueleze kwa nini unahitaji kusaidiwa kusoma na kuandika. Kwa mkono wako."

"Nitamwandikia mimi," alisema Bi Twaiba.

"Akiandikiwa, hiyo fomu imeharibika."

Aliyeitunga fomu ile bila shaka alilipwa, akaenda zake akalala usingizi.

Mbeyu akaketi kwenye benchi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, jasho likimdondokea karatasini, na kila aliyepita alichungulia. Alipoinuka, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha na vidole vimemkakamaa.

Judy akaitupia jicho. "Si umeandika? Tena ukurasa mzima! Mtu anaandika hivi anataka msaada wa nini?" Muhuri ulikuwa pale pale karibu na mkono wake. Hakuugusa.

"Umeisoma?" Mbeyu aliuliza.

"Mwandiko kama huu utasomwa na nani?"

Bi Twaiba akamvuta buibui. "Twende, mwanangu. Tumeaibika yatosha."

Mbeyu hakusogea. "Nisomee, tafadhali. Mstari wa kwanza tu."

Judy akaiinua karatasi. Midomo yake ikaanza, ikakwama. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akarudi mwanzo. Foleni nzima ilikuwa ikimtazama. Mbeyu aliujua uso ule. Alikuwa nao tangu darasa la kwanza, naye akamwonea Judy huruma.

Judy akaiweka fomu chini, bila muhuri.

"Anayefuata!" akaita.

Mbeyu alibaki dirishani.