Tochi ya Kushukia na Tochi ya Kurudia

Jana usiku niliota nanunua tochi ya kupigia mbizi, na duka lenyewe lilikuwa ndani ya bomba.

Bomba hilo nalijua. Ndilo linalovuta maji ya ziwa kuyapeleka mjini, na mimi na mwenzangu Bwire ndio tunaoshuka kusafisha wavu wa mdomo wake. Kule chini ni giza hata jua likiwa utosini. Tochi yangu ilikuwa imeharibika, na asubuhi tulitakiwa kushuka.

Muuzaji alikuwa kambale. Alivaa miwani, na sharubu zake alizipitisha nyuma ya masikio, ingawa kambale hana masikio.

"Karibu, dada Nyanjige," alisema. "Bwire ameshatangulia. Unataka tochi ya kushukia au ya kurudia?"

"Kwani zina tofauti?"

"Wengi hununua ya kushukia."

Nikashika iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ikajitambulisha kwa sauti ya mtu anayehutubia. "Mwanga wangu unafika Ukerewe."

"Na unawaka kwa muda gani?"

"Niulize habari za kung'aa. Mambo ya muda ziulize betri."

Betri zilikuwa kwenye benchi, zimekaa kama watu wanaosubiri daktari. Ya kuchaji ilikaa peke yake, imenyooka, imefunga tai. Zile za kawaida, zinazouzwa hadi vibandani, zilibanana upande wa pili, mpya huku, kuukuu kule, na katikati pamewekwa pazia.

"Ukizichanganya, kuukuu zinazinyonya mpya," kambale alieleza. "Tulishawahi kuita polisi."

Nikaiuliza ile ya kuchaji, "Wewe unazimikaje?"

"Nawaka kwa nguvu ileile mpaka mwisho. Kisha basi."

"Bila kuaga?"

"Sikufundishwa kuaga."

Za kawaida zikadakia kwa pamoja, kama kwaya: "Sisi tunaaga! Tunafifia, tunafifia, mtu anapata nafasi ya kutafuta njia ya nyumbani."

Nilikuwa bado nawaza niliposikia, mbali ndani ya bomba, mtu akigonga chuma. Bwire hugonga hivyo akikwama.

"Nipe yenye betri ya kuchaji. Haraka."

Kambale akanikabidhi. Nikaipokea, na mkono ukabaki mtupu. Akanipa tena. Mtupu.

"Huku kwetu tochi moja haihesabiwi," alisema kwa upole. "Ndiyo kanuni. Chukua na ya akiba."

Nikapokea mbili kwa mpigo, hiyo ya kuchaji na ndogo ya betri za kawaida. Safari hii zote mbili zikakubali kuwepo.

Sasa naogelea. Bomba linageuka kuwa ukumbi wa nyumba ya mama, maji yamefika kwenye picha za ukutani. Mama anapita na beseni la dagaa. "Funga mlango, mwanangu, samaki wanaingia," anasema, nami naufunga.

Nyuma ya mlango yupo Bwire. Amekaa gizani juu ya tope, mguu umenaswa kwenye nyavu za zamani, anagonga chuma kwa kijiko.

"Umechelewa, dada."

"Nilikuwa nachagua betri."

"Umechagua ipi?"

"Zote."

"Vizuri."

"Tochi yako je?"

"Imejaa maji. Kuna chembe ya mchanga kwenye mpira wa kuzibia." Ananionyesha. Nyuma ya kioo cha tochi samaki mdogo anazunguka, amekasirika.

Naanza kukata nyavu. Kabla sijamaliza, tochi ya kuchaji inakatika, bila neno. Sijui tena kama macho yangu yako wazi au nimeyafumba. Nasikia Bwire anavuta pumzi fupifupi. Ananishika mkono kwa nguvu, yeye ambaye hunicheka kuwa mwoga nikivaa jaketi la kujiokolea asubuhi.

Napapasa kifuani. Ile ndogo inawaka, hafifu, ya manjano. Namalizia kukata. Mguu unatoka.

"Kwaherini," tochi inasema. "Kwaherini. Kwaherini." Na kwa kila kwaheri tunapanda juu kidogo, mpaka maji yanakuwa ya kijani, kisha meupe, kisha ni shuka langu.

Asubuhi nilimkuta Bwire gatini, mzima kabisa, ameshavaa nguo za mbizi.

"Hebu fungua tochi yako," nikamwambia.

"Dada, niliifunga mwenyewe jana. Iko sawa."

"Fungua tu."

Akaifungua huku akiguna. Kwenye mpira wa kuzibia ilikuwepo chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaitoa kwa ncha ya ukucha, akaitazama juani.

"Nani kakuambia?"

"Wewe."

Hakucheka. Akakaa chini, akaanza kuvua viatu vya mbizi, na siku hiyo hatukushuka.