Mji wa Mwendo wa Thelathini

Kitendawili! Mmeitika? Basi huyo anakuja: ukimkimbilia anakukimbia, ukimwita hasikii, lakini ukitulia tuli hujileta mwenyewe akakukumbatia. Msiseme bado. Mwenye jibu aliume kwa meno, maana yuko mtu aliyelitafuta miaka minne, na si adabu kumtangulia.

Kitendawili hicho kilikuwa cha mama yao, mama wa Bi Sindano na mdogo wake wa kiume. Walipokuwa wadogo, wakilala kitanda kimoja mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, mama aliketi ukingoni kila jioni akawategea kile kile, kwa sauti ile ile. Sasa mama alikuwa amekwenda zake, na Bi Sindano, fundi cherehani, alibaki katika nyumba ya mama, na cherehani yake ya miguu aliiweka dirishani, hatua nne tu kutoka barabarani.

Barabara yenyewe ilinyooka kama rula, na magari yalipita kana kwamba yanafukuzwa na nyuki. Lori likipita, pazia lilifyonzwa nje, chaki ikacheza juu ya meza, na upindo uliokuwa unanyooka ukaenda upogo.

Mdogo wake alikuwa dereva wa boza la maji. Kila asubuhi saa tatu alipita hapo, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele. Upepo ulikula mwanzo wa maneno, ukala na mwisho wake. Kilichomfikia Bi Sindano ni kipande tu cha katikati: "...kupe!"

Neno hilo alilijua. Siku walipomaliza matanga ya mama, huyo huyo mdogo wake alimwambia mbele ya shangazi na wajomba: "Dada, umeiganda nyumba ya mama kama kupe." Bi Sindano hakurudisha tusi. Alifungua mlango, akaonyesha nje kwa kidole chenye tondoo ya kushonea. "Utaukanyaga mlango huu siku utakayokitegua kitendawili cha mama." Tangu hapo simu za mdogo wake aliziacha zilie mpaka zichoke. Na kila asubuhi, kupe. Kutwa mara moja, kama dawa.

Siku moja Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alivuka mbio, daftari kwapani.

"Bi Sindano, tia sahihi hapa. Mtaa mzima tunaomba mwendo wa thelathini."

"Sitii."

"Hutii! Jana lori limepita mkono ukaniruka, nikamkata mteja sikio. Ananiuliza, 'Bwana, unanyoa au unachinja?'"

"Mwanangu, tusi likipita mbio, nusu yake inakwenda na upepo. Wewe unataka linipitie polepole nilisikie na nukta zake?"

Kinyozi alicheka mpaka daftari likamponyoka. Alidhani ni mzaha.

Sahihi zilitosha bila ya kwake. Wakaja watu wa barabara, wakasimika kibao cheupe chenye duara jekundu na thelathini ndani yake, wakajenga na tuta mbele ya duka la kinyozi. Na mtaa ukabadilika kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Magari yalianza kupita kama ng'ombe walioshiba. Pazia lilitulia dirishani. Bi Sindano aligundua kwamba ndani ya magari mlikuwa na watu: mwanamke anayeimba peke yake, mzee mwenye keki mapajani ameikumbatia kama mjukuu, mtoto aliyebandika pua kwenye kioo mpaka ikawa kama kitufe. Walipita polepole, wakamtazama, naye akawatazama, kama watu wanaokutana chini ya maji. Mchana alisikia vitu ambavyo hakujua kwamba vina sauti. Mkasi wa kinyozi. Jani likiburuzwa lamini. Mara nyingine mguu wake ulisahau kukanyaga cherehani, na alipozinduka hakujua kama ameota mtaa au mtaa ndio uliomwota yeye.

Lakini ikikaribia saa tatu alifunga dirisha, akaziba masikio kwa viganja mpaka boza lipite. Hata shamba zima la pamba lisingetosha kumziba.

Alhamisi Kinyozi akaja na habari. "Furahi, Bi Sindano. Kuanzia wiki ijayo maboza yanahamia barabara kuu, huku wanasema yanachelewa. Kesho ndiyo mwisho."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sindano. Kisha akashona mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia.

Ijumaa aliacha dirisha wazi. Kama ni mara ya mwisho, alijiambia, nitalisikia zima, nami nimpe langu, aende nalo. Alikuwa amelishona usiku kucha moyoni, tusi lenye mikono mirefu na kola.

Saa tatu boza likaja. Kwanza alisikia maji, yakibembea ndani ya tangi, chubwi, chubwi, kama mtu anayebembeleza mto mzima. Kisha akauona uso. Miaka minne alikuwa hauoni! Ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja. Macho mekundu. Kichwa kikatoka dirishani, na safari hii upepo haukuwepo wa kula chochote.

"Dada! Nakupa mji!"

Lile tusi lenye kola likafumuka nyuzi zote. *Nakupa.* Si kupe; sikio lenye kinyongo ndilo lililoigeuza "kupa" ikawa kupe. Nakupa mji: maneno ya mtu aliyeshindwa kitendawili, anayemwambia mtegaji chukua mji, nipe jibu. Kila asubuhi, miaka minne, mdogo wake alikuwa anasalimu amri.

Bi Sindano alitoka mbio, futi ya kupimia shingoni, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki chini ya cherehani. Boza lilikuwa linapanda tuta kama mjamzito anapanda ngazi. Akalifikia.

"Mji gani?" akauliza, akitembea kando ya mlango. "Mji hautolewi bila jina!"

"Huu hapa," alisema mdogo wake, akafunga breki kabisa. "Huu wa mwendo wa thelathini. Sina mwingine."

Gari la nyuma likapiga honi. "Tulia wewe!" Kinyozi akafoka, wembe mkononi. "Watu wanapeana mji!"

"Nimeupokea," alisema Bi Sindano. "Nimefika, wenyeji wamenikaribisha, nimekaa."

"Basi nipe jibu, Dada. Wewe ulilijua, mimi sikulijua hata siku moja. Mama alikitega kila jioni, mbona jibu silikumbuki? Na tangu siku ile ya matanga nimekesha nikilitafuta. Nani huyo, ukimkimbilia anakukimbia?"

Bi Sindano aliyatazama yale macho mekundu, akamwona mtoto wa kitanda kimoja, kinywa wazi, anakoroma kabla mama hajamaliza sentensi.

"Hukulisikia kwa sababu kila siku lilikuwa limeshakuchukua," alisema, akaufungua mlango wa boza. "Shuka, uingie ndani. Ni usingizi."