Tepe Mbili Darajani

Mto ule haukuwa na mwenyewe. Wanakijiji wakienda kuomba daraja ofisi za kaunti ya Migori, waliambiwa maji ni ya Homa Bay, kaunti ya ng'ambo. Wakienda Homa Bay, waliambiwa mawe ni ya Migori. Fahali aliyesombwa pale mwaka wa mvua nyingi aliibukia ziwani, na wavuvi wakaapa kuwa bado alikuwa akicheua.

Basi Maranga, fundi wa mawe, akawakusanya wenzake wakajijengea daraja la miguu kwa miaka miwili. Asubuhi mkewe Milka alibeba mchanga kichwani. Mchana aliwapikia nyoyo, yaani mahindi na maharagwe mazito ya kushikisha ukuta bila simenti.

Daraja lilipokauka, mto ukapata wenyewe wawili. Afisa wa Migori akafunga utepe wa buluu upande huu, na wa Homa Bay akafunga mwekundu upande ule. Mtu asipite mpaka waheshimiwa walizindue. Maranga, mwenyekiti wa kamati ya daraja, alikubali. Likizinduliwa, alisema, litaingia kwenye vitabu vya serikali, na likibomoka watalitengeneza wao.

"Baba Wesley," Milka alimwomba, "niache nipite chini ya huo utepe mara moja tu, nionje."

"Ngoja Ijumaa. Wewe ndiye utavuka wa kwanza, na ile nguo yako mpya. Nimesema."

Ijumaa ikaahirishwa. Iliyofuata pia. Jumatatu presha ikampanda Milka. Akashuka mtoni kama miaka yote, akavua viatu, akapita majini chini ya daraja kwenda hospitali ya ng'ambo. Hakurudi kwa miguu.

Ijumaa ya tatu Maranga, mwanawe Wesley na waombolezaji walileta kutoka mochari jeneza la Milka, aliyevikwa ile nguo mpya. Kwenye utepe mwekundu alisimama Bonface, mlinzi.

"Pole sana, jaduong', mzee wetu. Lakini ni wewe ulisema hata kuku asivuke."

"Nilisema. Sasa nasema kingine." Akachomoa kisu, akaukata.

Wakaingia darajani. Halikutikisika hata kidogo. Kwa hatua ishirini, mkono wake ukiwa juu ya jeneza, Maranga alikuwa mume aliyetimiza ahadi.

Kumbe upande wa pili mheshimiwa wa Migori alikuwa amefika na hema, bendi na wapiga picha. Alipoona jeneza, huzuni ilimwingia usoni haraka kuliko taa zinavyowaka stima ikirudi. Akanyakua maikrofoni.

"Simameni hapo hapo! Mnaona, watu wangu? Mama huyu leo angepita majini! Nani amemjengea daraja?"

"Mheshimiwa!" wakaitika wenye fulana za bure.

"Anaitwa nani?" akamnong'oneza msaidizi wake, maikrofoni ikiwa wazi.

"Sijui. Sema Monica."

"Mama Monica! Wa kwanza kuvuka daraja langu!"

Hotuba ikaenda saa nzima. Mabega ya wabebaji yakaanza kutetemeka.

"Mheshimiwa, tupishe tukazike," Maranga alisema.

"Dakika mbili, mzee. Utepe hukatwa mwisho. Hiyo ni protokali."

Utepe wa buluu ulikuwa hatua tatu mbele yake. Kisu kilikuwa bado mkononi. Maranga aliutazama, akawatazama wapiga picha waliokuwa wakipiga magoti kutafuta pembe nzuri, kisha akakirudisha kisu mfukoni.

"Wesley, geuzeni."

"Baba, si tumeshafika!"

"Geuzeni!"

Wakarudi walikotoka, wakashuka ukingoni, wakavua viatu. Maji yaliwafika kiunoni. Katikati Wesley aliteleza, kona moja ya jeneza ikazama, na pindo la ile nguo mpya likalowa. Juu yao mkasi ulikata, bendi ikaanza, vigelegele vikapaa.

Siku hizi kila mtu hupita juu, isipokuwa Maranga. Wanaomwona kutoka darajani humpungia mkono, wengine wakicheka. Naye huwainulia viatu vyake, kisha huendelea kupapasa mawe kwa miguu.