Toleo la Tisa

Jina lake halisi wenzake kazini walishalisahau. Walimwita Mapokezi, kwa kuwa ndiye aliyewaandika wagonjwa wa macho wanapoingia zahanatini. Ila kuwaita hakukuwa kazi yake. Waliitwa na kompyuta, kwa sauti ya marehemu mumewe: "Namba kumi na mbili, chumba cha pili." Mume huyo alikuwa mtengeneza programu, na alipoona wengi wanaofika pale hawawezi kusoma kibao cha namba, aliipa programu yake mdomo wake mwenyewe.

Mwanzoni kila badiliko lilimleta kwa miguu, flashi mfukoni. Ugonjwa ulipoanza kumla, akaifundisha programu kujisasisha. Asubuhi ikiwashwa tu, inaiuliza kompyuta ya nyumbani kwake kama kuna toleo jipya. Likiwapo na tarehe yake imewadia, inalivuta, inalifungua, inaendelea na kazi bila kumsumbua mtu.

Akafa, akazikwa. Tarehe mosi ya mwezi uliofuata, programu ikajisasisha.

Mapokezi alikuwa anapanga mafaili. Sauti iliposema "Karibuni," yakamtoka mikononi. Ilikuwa ya mumewe, lakini si ile ya jana. Hii ilikuwa na mkwaruzo. Jioni ile alifungua kompyuta ya nyumbani akaona alichofichwa: matoleo manne, la sita hadi la tisa, kila moja na mwezi wake. Mumewe aliyatengeneza kitandani, wiki zake za mwisho, ili zahanati isikwame. Na kwa kuwa alikuwa fundi asiyetaka viraka, kila toleo alirekodi upya namba zote, moja hadi sitini, hata kama kilichoongezeka ni chumba kimoja tu.

Basi la sita lilikwaruza. La saba likawa linapumzika katikati ya namba. Katika la nane, "arobaini" ilikatika mara mbili kama kamba mbovu. Mume wake alikuwa anakufa upya, mwezi kwa mwezi, mbele ya benchi lililojaa watu, nao wakidhani spika imechoka.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyeambiwa, na tangu hapo hakukosa siku. Anafika wa kwanza, anachukua namba moja, anaketi. Mlinzi alimtania kwamba macho yake yanaona hata mlinzi alichokula jana; mama akamjibu kwamba ugonjwa wa mtu haupimwi mlangoni. Daktari alishachoka kumpima, akawa anamsalimu tu na kumwacha atoke. Mapokezi alipomrekodia ile sauti kwenye simu ili apumzishe miguu yake, mama mkwe aliisikiliza mara moja akarudisha simu. Hiyo imekaa palepale, alisema. Ya zahanati inakuja yenyewe.

Likabaki la tisa. Siku lilipokamilika ndiyo siku mumewe alipokufa. Mapokezi alikuwa kazini, mama mkwe alikuwa amefuata dawa. Yaliyosemwa chumbani mle hakuna ayajuaye, na toleo lilikuwa limefungwa, halifunguki ila zahanatini.

Mwisho wa mwezi, wakiosha vyombo, Mapokezi alisema anakusudia kuichomoa kompyuta ya nyumbani, hilo la tisa lisifike.

Mama mkwe aliendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata. "Unamwogopa?"

"Naogopa utakachosikia, Mama. Kama alituita tukawa hatupo, je?"

"Nilimsikia akija duniani, mwanangu. Alilia vibaya sana, na sikuziba masikio."

Tarehe mosi, kabla ya kwenda kazini, Mapokezi aliushika waya wa kompyuta mpaka akachelewa. Kisha akauachia, akafunga mlango.

Zahanatini, mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini hadi ukajaa. "Karibuni" haikuja. Akabonyeza kitufe cha kumwita wa kwanza, mkono wa pili ukiwa umeshika ukingo wa meza.

Spika ikatoa pumzi. Ilikuwa ndefu, ya chini, ya mtu aliyefungua mdomo kwa kusudi la kusema neno, kisha ikaisha. Mumewe hakulia, hakumwita mtu wa nyumbani. Alikuwa anahesabu namba zake kwa pumzi, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimembakia.

Watu kwenye benchi walitazamana. Mmoja alisema leo mashine imekata roho.

Mama mkwe aliinuka, akatengeneza kitambaa chake kichwani. "Ni mimi," alisema, akaelekea chumbani bila kushikwa mkono.

Mapokezi akabonyeza tena. Pumzi ikaja, fupi kuliko ya kwanza. Aliingoja iishe yote, asimkatishe, ndipo akasimama, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Namba mbili, chumba cha kwanza."