Chupa ya Mwenyekiti

Yule kinyozi alikuwa na mdomo, jamani. Si mdomo wa kula, maana siku hizo hata chakula kilikuwa hakipandi. Nasema mdomo wa maneno. Ukiketi kwenye kiti chake, ukafungwa kile kitambaa shingoni, ujue umekwisha. Atakuchambua wewe, mkeo, viatu vyako na timu yako, na kukimbia huwezi kwa sababu nusu ya kichwa bado ina nywele. Na ole wako useme unaumwa! Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuteleza ulimi akasema hawezi kukaa sana kwa sababu ya bawasiri. Weee! Kinyozi alimletea mto, akaupigapiga mbele ya wateja wote, akamuuliza kama angependa na godoro. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu naye alicheka, lakini tangu siku ile akija kunyolewa alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Sasa mtu wa namna hiyo akifunga choo, atamwambia nani?

Maana alikuwa amefunga choo kwelikweli. Alikuwa anaingia msalani na gazeti, anasoma mpaka matangazo ya vifo, anatoka vilevile alivyoingia. Akiulizwa hali, jibu lilikuwa moja: "Mzima kama chuma!" Duka la dawa hakuthubutu kulisogelea, kwani muuzaji alikuwa mteja wake, na kinywa cha yule bwana hakikuwa na komeo. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, ndiye kabisa. Baba mzima amwanzeje mwanawe maneno kama hayo?

Ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwamo mgonjwa mwingine wa ugonjwa huohuo, ila wa huyu ulijadiliwa mezani bila haya. Alikuwa paka, dume la kijivu lenye mashavu. Marehemu mke wa kinyozi ndiye aliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu akishakalia kiti hahami mpaka kikao kiishe. Basi Mwenyekiti alikuwa anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anajikunyata, anakaza macho, analia kidogo, anatoka mikono mitupu. Akibahatika sana ni vigololi viwili vikavu, na hapo anatembea kwa kuchoka kama amebeba magunia.

Daktari wa wanyama alikuwa kijana ambaye kinyozi alimnyoa tangu enzi za kukalishwa juu ya ubao ili afikie kioo. Alimpapasa paka tumbo, akasema hili ni tatizo la kudumu, halimalizwi kwa siku moja, lakini linatulizwa watu wakiwa na nidhamu. Zile punje kavu za chakula cha paka, basi. Apewe chakula chenye majimaji, kiongezwe maji ya vuguvugu na boga kidogo lililochemshwa na kupondwa. Mifupa marufuku. Mabakuli ya maji yawekwe kila chumba, maana paka ni mvivu wa kunywa. Achezeshwe pia, asilale tu kutwa kucha. Na juu ya hayo yote kulikuwa na dawa ya maji, nzito na tamu, ya kunyweshwa asubuhi na jioni kwa bomba dogo lisilo na sindano. Hiyo ingevuta maji tumboni na kulainisha mambo.

"Ni salama?" binti aliuliza.

"Salama kabisa, dada. Hata binadamu wanatumia hiihii. Ila wao wanakunywa kwa kijiko."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya anasoma bango la chanjo ya mbwa. Masikio yalimsimama.

Kesho yake binti alipotoka kwenda kazini, mzee alifungua kabati akajimiminia kijiko kimoja. Kijiko kimoja tu, nani amewahi kufa kwa kijiko? Akajimiminia tena siku iliyofuata. Loo! Haikupita wiki, mzee akatoka msalani anaimba. Alikuwa hajaimba tangu msiba. Binti aliyasikia yale mashairi kutoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi, akamshukuru Mungu kwamba baba yake ameanza kuchangamka.

Lakini kijiko cha binadamu si tone la paka. Chupa ilishuka mpaka ikaanza kutia shaka. Kinyozi, fundi aliyezoea kuficha vipara vya watu kwa kulaza nywele upande mmoja, atashindwa na chupa? Alichemsha maji na sukari kwenye birika la dukani kwake pa kunyolea mpaka yakawa mazito, akayapoza, akajazia. Rangi ileile, utamu uleule. Akajipa moyo kwamba paka analishwa boga, anachezeshwa, anawekewa maji mpaka chumbani. Dawa ikipungua nguvu kidogo itamfanya nini?

Akanywa, akajazia. Akanywa, akajazia. Mwisho wake ndani ya chupa ile ilibaki sukari na harufu ya dawa. Mwenyekiti akarudi kulia mchangani, na mzee naye nyimbo zikakatika. Binti akampigia simu daktari, daktari akasema ongeza mara mbili, binti akaongeza sukari mara mbili. Na unajua kinyozi alisema nini? Siku moja aliinua chupa kwenye mwanga, akaionja, akakunja uso, akanung'unika: "Watu wabaya sana hawa! Siku hizi hata dawa wanachakachua!"

Kisha akajisikia alichokisema. Akairudisha chupa kabatini taratibu, akakata shauri kwamba kesho, liwe liwalo, ataweka mambo sawa.

Kesho ilichelewa. Jioni ileile Mwenyekiti alitapika, akakataa hata kunusa bakuli, akaenda kujificha chini ya kitanda alicholalia marehemu. Binti alimtoa kwa kumbembeleza, akamtia kwenye kikapu, wakaondoka wote watatu.

Daktari alimpapasa paka kwa muda mrefu.

"Tumbo limejaa, gumu kama mawe," alisema. "Chakula mmebadilisha?"

"Tumebadilisha."

"Boga?"

"Kila siku. Mpaka mimi mwenyewe nimelichukia."

"Na dawa?"

"Asubuhi na jioni, kwa mkono wangu. Uliposema niongeze, nikaongeza."

Daktari alivua glavu. "Leo nitamsafisha tumbo. Lakini kama dawa mara mbili imeshindwa, ina maana utumbo umelegea, hausukumi tena. Hapo kinachobaki ni kumpasua, tukate kipande. Na kwa umri wake, dada yangu, sitakudanganya. Anaweza asiamke. Nimpangie keshokutwa?"

Binti alishika ukingo wa meza. "Ni wa mama," alisema, na sauti ikamkatikia. "Vitu vyake vyote tumegawa. Ndicho kitu chake pekee kinachopumua."

Kinyozi pale ukutani alilowa jasho. Mdomo wake ule, uliokuwa hauna breki, ukawa mzito. Alimwazia huyu kijana ambaye mwisho wa mwezi angekuja kuketi kwenye kile kiti, mbele ya watu. Akauwazia na ule mto. Angeweza kusema chupa ilianguka. Angeweza kusema dawa ilikaa juani. Uongo ulikuwa umejipanga foleni kwenye ulimi, kila mmoja umechana nywele zake vizuri. Ndipo Mwenyekiti akageuza kichwa mezani akamtazama. Hakumtazama kwa lawama, paka hana habari na lawama. Alimtazama kama alivyozoea kumtazama mtu aliyekalia kiti chake.

"Msimpasue," mzee alisema. "Dawa haijashindwa. Hajainywa."

"Baba, mimi mwenyewe ndiye ninayemnywesha!"

"Unamnywesha sukari, mwanangu. Dawa nakunywa mimi."

Daktari aliuliza kwa upole, "Unakunywa kwa ajili gani, mzee wangu?"

"Watu wanainywa kwa ajili gani? Nimefunga choo! Sasa unataka nikuchoree?"

Kijana akageukia dirishani haraka, kama mtu aliyeona kitu cha maana sana nje, na mabega yakaanza kumcheza. Aliporudi uso ulikuwa mkavu. Alisema upasuaji auweke kando kwanza. Atamsafisha tumbo, waanze upya na chupa mpya, dawa ya kweli, halafu waone. Akambeba Mwenyekiti ndani. Lakini binti hakucheka hata kidogo.

Waliketi kwenye benchi la nje wakisubiri, kikapu kitupu mapajani mwa binti. Kinyozi alijaribu. "Angalau sasa sayansi inajua kwamba sukari haitibu."

Binti alikivuta kikapu karibu na tumbo.

"Ungemuua, baba."

"Najua."

"Na ungejiua."

"Aa, mwanangu, choo tu? Choo nacho…"

"Mama alisema ni gesi tu." Binti alikuwa anaongea na kikapu. "Kila siku nilimuuliza. Gesi tu mwanangu, itapita. Mpaka tunafika hospitali, daktari ananiuliza mlikuwa wapi siku zote. Na wewe kila siku nakuuliza hali, unanijibu chuma. Chuma! Nimeshamzika mtu mmoja aliyekuwa mzima, baba. Sitaki kumzika wa pili."

Kinyozi alitazama mikono yake, aibu imemshika mpaka masikioni.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

Alitaka kusema juzijuzi. Neno lilishafika kwenye meno.

"Tangu mama yako aondoke," alisema. "Dukani nashindia chai na mkate. Nikirudi nakwambia nimeshiba. Ile meza bila yeye, mwanangu, mimi siiwezi."

Binti alikitua kikapu chini, akasogea, akalaza kichwa begani kwa baba yake. Alikuwa analia sasa, na mzee naye alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya shati. "Hata Mwenyekiti alianza wakati uleule," binti alisema. Wakakaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa wakaitwa kumchukua mgonjwa.

Chupa mpya ilifungiwa kabatini, na ufunguo binti akauvaa shingoni kama mkufu. Boga sasa lilipakuliwa sahani mbili na bakuli moja, na mzee alikula mezani, apende asipende. Mwenyekiti alinyweshwa dawa yake asubuhi na jioni akiwa amefungwa taulo, akitukana kwa Kipaka.

Asubuhi moja wakiwa wanakula, walisikia mchanga ukiparuliwa. Wakashusha vijiko. Mchanga ukaparuliwa tena, kwa bidii, kama mtu anayefukia mali. Wote wawili waliinuka wakagongana mlangoni. Mwenyekiti alitoka mkia juu, akawapita kama hawajui, akaenda kukalia kiti cha mzee.

"Ametoa!" binti alipiga kelele kwenye simu. "Ndiyo, daktari! Kingi! Na laini!" Majirani walichungulia dirishani, lakini kinyozi alikuwa anapiga makofi, hana habari nao. Binti alipokata simu alimtazama baba yake. "Bado mmoja," alisema.

"Nitakwenda leo."

"Peke yako?"

"Kwani mimi mtoto?"

Dukani siku hiyo benchi lilijaa. Yule mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa kitini, kitambaa shingoni, kimya kama kawaida yake. Mtu mmoja akaingia na kelele zake: "Mzee, hujambo? Hali?" Wateja walilijua jibu, na mmoja akaliwahi: "Mzima kama…"

"Si mzima," kinyozi alisema. Mkasi ulisimama hewani. "Nimefunga choo tangu mke wangu afariki. Nimefikia kuiba dawa ya paka. Nikimaliza kichwa hiki nafunga duka nakwenda hospitali, na atakayecheka namnyoa upande mmoja."

Wakacheka. Wewe ungeacha? Walicheka mpaka benchi likahama, na mmoja akakimbilia ule mto kwenye kona, akaupigapiga, akauliza kama mzee angependa na godoro. Kinyozi alisimama akapokea yote, kwa sababu yalikuwa maneno yake mwenyewe yanarudi nyumbani. Ni mwalimu tu ambaye hakucheka.

"Mwalimu," kinyozi alisema kwa sauti ya chini, akimtazama kwenye kioo. "Siku ile ya mto. Nilikukosea. Nisamehe."

"Malizia kwanza huu upande."

Aliumalizia, akampangusa shingo kwa brashi. Mwalimu alisimama, akajitazama kushoto na kulia, akavaa kofia yake. Lakini hakuondoka. Alimnyang'anya yule mcheshi mto, akaubana kwapani, akasimama mlangoni.

"Funga duka twende," alimwambia kinyozi. "Nakujua wewe, ukifika getini utageuza."

"Na huo mto wa nini?"

"Mabenchi ya pale ni magumu," mwalimu alisema, "na tutakaa sana."